Kashata na Sinia la Mama

Katika kijiji cha Kinondo, watu walikuwa wakisema kwamba mahamri ya Bi Fauzia mtu anaweza kuyala akiwa amefumba macho. Hawakusema hivyo kwa sababu ya utamu tu, ingawa utamu ulikuwapo, wa iliki na tui zito la nazi. Walisema hivyo kwa sababu ya usafi. Bi Fauzia alikuwa mwanamke wa kuosha hata kilichokwisha kuoshwa. Nzi akipita karibu na jiko lake, alipita kwa adabu.

Twaiba, binti yake wa pekee, alikuwa katika Gredi ya Sita. Kila siku aliamka kwa adhana ya alfajiri, akaswali, akafagia ua, kisha akamsaidia mama yake kupanga mahamri katika ndoo nyeupe yenye kifuniko. Wateja walianza kubisha hodi jua likiwa bado halijapata nguvu. Walipokwisha, Twaiba alivaa sare akaenda shule, na mikono yake ilinukia iliki mpaka kipindi cha Hisabati.

Nyumba hiyo ilikuwa na adui mmoja tu, naye alikuwa na mkia. Tumbili walishuka kutoka msituni kana kwamba wamepigiwa kengele ya chakula. Siku moja dume mmoja mwenye uso mweusi aliruka juu ya meza, akachukua hamri moja kwa mkono wa kulia na jingine kwa mkono wa kushoto, akapanda juu ya paa na kula huku akimtazama Bi Fauzia machoni. Bi Fauzia alimtupia ndara. Tumbili akaikwepa, akaiokota, akaondoka nayo. Ndara ile haijaonekana mpaka leo.

Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyani waliing'oa mihogo kabla haijakomaa, wakaionja na kuitupa, kama wateja wa sokoni wasio na haja ya kununua. Vifaranga navyo vilipungua kila uchao, na hakuna aliyejua kama ni kicheche au nguchiro.

Ndipo Twaiba alipopata wazo. Wiki hiyo, dada mmoja kutoka kituo cha kuokoa wanyama huko Diani alifika shuleni kwao. Aliitwa Hannah. Aliwafundisha wanafunzi kuhusu kichaa cha mbwa: kwamba mtu akiumwa na mbwa, lazima aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha akimbizwe hospitali akadungwe sindano bila kungoja. Mwishoni akawaambia kuwa kituoni kwao wako mbwa waliookotwa barabarani, wakatibiwa na kuchanjwa, na sasa wanatafuta nyumba za kuishi.

Jioni hiyo Twaiba alimngoja baba yake, Bwana Alamin, ambaye alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama askari?"

"Baba, naomba tuchukue mbwa."

Bwana Alamin alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. "Mbwa? Katika nyumba hii?"

"Hatakaa ndani, Baba. Atakaa nje alinde kuku na mihogo. Na mahamri ya Mama."

Bi Fauzia aliyekuwa akikuna nazi alinyanyua uso. Ilikuwa dhahiri kwamba alikumbuka ndara yake. "Muulize ustadhi," alisema. "Kuuliza si ujinga."

Ijumaa baada ya swala, Bwana Alamin alimwuliza Ustadhi Abdulrahim, mwalimu wa madrasa. Ustadhi alimjibu kwamba mbwa wa kulinda mifugo au shamba anaruhusiwa. Ila akae nje, apewe haki yake ya chakula na maji, na mate yake yachungwe kwa sababu ni najisi. Chombo akikilamba, kioshwe mara saba, na moja ya hizo saba iwe kwa mchanga. Twaiba aliyajua hayo yote. Alikuwa ameyasoma madrasa na kuyajibu vizuri katika mtihani.

Basi Jumamosi moja, Kaingu, jirani yao mwenye tuktuk, aliwapeleka Twaiba na baba yake mpaka kituoni. Mbwa wengi walibweka na kurukaruka walipowaona, kila mmoja akijinadi. Mmoja tu alibaki amelala pembeni, kidevu juu ya miguu. Alikuwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na madoa meupe, kama kashata za njugu. Twaiba alipomkaribia, yule mbwa hakusimama. Aliupiga mkia wake chini mara moja, polepole, kama mtu anayeuliza jambo huku akiogopa kujibiwa.

"Huyo ni jike," Hannah alisema. "Tulimwokota Kona ya Musa. Pikipiki ilimgonga, akalala kando ya barabara, na watu wakawa wanamruka tu. Mguu wake wa nyuma umepona lakini atachechemea maisha yake yote. Watu wakija hapa humpita. Wanataka mbwa mzima."

Twaiba alichuchumaa karibu na yule mbwa. "Baba, huyu," alisema.

"Huyu kiwete ndiye atakayefukuza nyani?"

"Nyani hawatajua kwamba ni kiwete mpaka awe ameshawafikia."

Bwana Alamin akacheka, na aliyecheka ameshakubali nusu ya jambo. Lakini Hannah hakuwa na haraka ya kumtoa. Aliwauliza maswali mengi. Atalala wapi? Nani atamlisha? Kivuli kipo? Watakumbuka kumleta kwa chanjo kila mwaka? Alikuwa mtu wa bara la Kwale, upande wa Kinango, aliyekulia katika boma la mbuzi ambamo mbwa walifanya kazi kama watu wengine. "Na mkishindwa naye," alimaliza, "msimtupe. Mrudisheni hapa hapa. Hamtalaumiwa."

Njiani kurudi, Bwana Alamin alimgeukia binti yake. Alikuwa mpole, lakini neno lake lilikuwa neno.

"Twaiba, unajua kazi ya mama yako. Watu wanakula mkononi mwake kwa sababu wanamwamini. Basi sharti langu ni hili. Siku mbwa huyu atakapotia mdomo wake katika chombo cha jikoni, kesho yake anarudi kituoni. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na ahadi ni deni."

Twaiba alimpa mbwa wake jina la Kashata. Baba yake alilalamika kwamba haijapata kutokea mbwa kuitwa jina la kitu cha kuliwa, lakini baada ya siku chache yeye mwenyewe alikuwa akiita "Kashata! Kashata!" kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Mwanzoni Kashata aliogopa kila kitu: ufagio, redio, hata jogoo. Alilala chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba na hakula mpaka watu waondoke. Twaiba alikaa karibu naye kila jioni akifanya kazi yake ya shule, bila kumgusa. Siku moja, akiwa katikati ya insha, alihisi kitu kizito na chenye joto juu ya unyayo wake. Kashata alikuwa ameuweka uso wake hapo na kufumba macho. Twaiba hakuusogeza mguu wake mpaka ukafa ganzi. Tangu siku hiyo alimpenda mbwa yule kwa mapenzi yasiyo na kipimo.

Kashata alianza kazi. Tumbili walipokuja, aliwatimua kwa mbio zake za kuchechemea, na yule dume mwenye uso mweusi alibaki juu ya mnazi akitukana kwa lugha yake. Nyani waliona heri shamba la watu wengine. Vifaranga havikupungua tena. Twaiba alikuwa na leso kuukuu aliyoivaa wakati wa kumlisha Kashata tu, na bakuli la Kashata lilikuwa na mahali pake, mbali kabisa na jiko. Bi Fauzia alisema kwamba yeye hana habari na mbwa. Hata hivyo, vichwa vya samaki vilivyokuwa vikitupwa zamani sasa vilipotea njia na kuishia katika bakuli lile.

Mambo yaliendelea hivyo vizuri mpaka Jumamosi ya hitma ya Bi Chiku.

Bi Chiku alikuwa mjane wa jirani, mwenye heshima zake na ulimi wake. Jioni ya siku hiyo watu wangekusanyika kwake wasome Kurani na kumwombea marehemu mume wake. Alikuwa amemwagiza Bi Fauzia mahamri ya wageni wote. "Nimekuja kwako," alimwambia, "kwa sababu kwako sina wasiwasi."

Asubuhi, baada ya mahamri ya kila siku kwisha, Bi Fauzia alimwita binti yake. "Twaiba!"

"Abee, Mama."

"Nioshee sinia la kukandia, uliweke juu ya uchaga likauke. Nikitoka dukani nakanda unga wa Bi Chiku."

"Haya, Mama."

Twaiba alilichukua sinia lile kubwa, ambalo bado lilikuwa na mabaki ya unga ukingoni, akalipeleka uani. Wakati huohuo Jumwa, binti wa Kaingu na rafiki yake mkubwa, alichungulia juu ya ua wa makuti. Wasichana walikuwa wameshaanza kucheza kamba njiani, na walipungukiwa na mmoja. "Mara moja tu," Twaiba alijiambia. Akaliweka sinia chini, karibu na ndoo ya maji, akatoka mbio.

Mara moja hiyo ilikuwa ndefu, kama zilivyo mara moja zote za aina yake. Aliporudi, alisikia sauti ya ulimi juu ya bati: lap, lap, lap. Kashata alikuwa ameinama juu ya sinia, akililamba ukingoni kwa raha zake zote. Alipomwona Twaiba, alitikisa mkia kwa furaha. Hakujua kama amefanya lolote.

"Kashata! Toka! Toka hapo!"

Mbwa alijikunyata akaenda zake. Twaiba alilinyakua sinia. Alijua la kufanya: mara saba, na moja kwa mchanga. Mchanga ulikuwapo miguuni pake. Lakini ni nani aoshaye sinia kwa mchanga, mara saba, bila sababu? Mama akirudi na kumkuta, atauliza. Akiuliza, atajua. Akijua, Baba atajua. Na kesho Kashata atarudi pembeni mwa kizimba kule kituoni, akalaze kidevu juu ya miguu, watu wampite.

Alilisugua kwa sabuni, akalisuuza, akalipangusa kwa kitambaa. Mara moja. Likang'aa kama jipya. Alikuwa ndiyo kwanza analiweka juu ya uchaga mama yake alipoingia na mfuko wa unga.

"Limekauka?"

"Limekauka, Mama."

"Mashallah. Mtoto wangu amekuwa mtu mzima."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kofi. Alisimama akaangalia mama yake akimimina unga juu ya sinia, akitia iliki na hamira, akimimina tui la nazi, akikanda kwa mikono yote miwili huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Unga ulipokuwa laini, aliufunika kwa kitambaa safi uumuke.

Twaiba alikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Jumwa alimkuta huko.

"Una nini? Umenuna kama chura."

Twaiba akamweleza yote. Jumwa alishangaa kidogo, kwa sababu kwao, katika nyumba ya Kikristo yenye mbwa wawili, sufuria ya ugali ilipokwisha mbwa waliipitia kabla haijaoshwa.

"Kwetu hilo si jambo," alisema. "Si umeliosha kwa sabuni?"

"Nimeliosha."

"Basi nyamaza. Nani alikuona?"

Twaiba alifarijika kwa muda mfupi. Lakini Jumwa alikuwa mtu wa kufikiri, na akawa bado anafikiri.

"Ila, Twaiba, mamako akijua, yeye atakula?"

"Hawezi."

"Na hao wageni wa Bi Chiku?"

"Hawawezi."

Jumwa alichora mchangani kwa kijiti. "Basi sasa sijui. Mimi ninakula kwa sababu ninajua na sijali. Wao watakula kwa sababu hawajui. Hizo si sawa."

Kashata alikuja akichechemea, akalala karibu yao, akaweka uso wake juu ya unyayo wa Twaiba kama kawaida yake. Twaiba akalia. Alimlilia mbwa, na alimlilia mama yake, na hakujua ni yupi anayemliza zaidi.

Swala ya Alasiri ilipokwisha, jiko liliwashwa. Bi Fauzia alikuwa amekwisha kusukuma na kukata maumbo ya pembe tatu, yamejaa juu ya meza kwa safu. Mafuta yalianza kuchemka katika karai. Alitia mahamri ya kwanza, nayo yakavimba na kuelea.

"Twaiba, nipe chujio."

Twaiba alilichukua chujio lakini hakulitoa. "Mama, usiendelee kukaanga."

"Mafuta yataungua. Lete."

"Mama, Kashata alililamba sinia. Nililiacha chini nikaenda kucheza. Sikuliosha kwa mchanga. Nililiosha mara moja tu kwa sabuni, kwa sababu niliogopa utajua."

Bi Fauzia hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Twaiba zaidi. Mama yake alimtazama, akayatazama yale mahamri juu ya meza, kisha akaishika mishikio ya karai kwa kitambaa na kuliondoa motoni.

"Lahaula," alisema taratibu. "Mchana kutwa umenitazama ninakanda?"

"Nisamehe, Mama."

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Bi Chiku, amejitanda buibui lake, mkononi ana kapu. "Fauzia, nimeona nije mwenyewe. Harufu imenifikia mpaka kwangu."

Twaiba alitamani ardhi ipasuke. Bi Fauzia angeweza kusema mafuta yameharibika, au unga haukuumuka. Maneno ya namna hiyo hayakosekani. Alijifuta mikono akasema, "Karibu, dada. Mahamri yapo, lakini siwezi kukupa. Mbwa wetu alililamba sinia, na mimi nimekanda juu yake bila kujua. Binti yangu ameniambia sasa hivi."

Bi Chiku alikaa juu ya kibago bila kukaribishwa. "Fauzia! Wageni wanakuja! Hitma ya mume wangu! Nitawapa nini?" Akamgeukia Twaiba. "Na wewe mtoto, ulikuwa wapi tangu asubuhi na ulimi wako?"

Twaiba aliinamisha kichwa.

Bi Chiku alipumua kwa nguvu. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo. "Hata hivyo umesema kabla hawajala. Wangekwisha kula, ningekulaani." Akasimama, akavua buibui na kulitundika msumarini. "Chapati hazingojei hamira. Nina unga nyumbani. Fauzia, washa jiko jingine. Na wewe, mwosha sinia, kalioshe sinia. Nikuone kwa macho yangu."

Twaiba akaliosha sinia uani mbele ya Bi Chiku, na mbele ya Jumwa aliyekuja kusaidia. Alilisugua kwa mchanga uliochanganywa na maji, akalisuuza, na kila aliposuuza Bi Chiku alihesabu kwa sauti kubwa, "Tatu! … Nne! … Pembeni huko hujafika!" Karai nalo likaoshwa vivyo hivyo, na meza, na kibao, na kifimbo cha kusukumia. Mafuta yote yalimwagwa. Yale mahamri mabichi yalitupiwa kuku, ambao siku hiyo, kama alivyosema Jumwa, walikuwa na harusi.

Walisukuma chapati mpaka mabega yakawauma. Hitma ilisomwa, wageni walikula chapati na chai ya tangawizi, na hakuna aliyerudi kwao na njaa. Bi Chiku hakuficha lililotokea. Alilisimulia mwenyewe kwa wageni, na akaongeza, "Mimi, kwa Fauzia, nitaendelea kununua. Mtu anayekuambia usile chakula chake, siku akikuambia kula, unakula."

Lakini Twaiba hakuwa na raha. Baba yake aliporudi kazini aliambiwa yote. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya uchovu, "Ulijua sharti." Na Twaiba akajibu, "Nilijua, Baba."

Jumapili asubuhi walipanda tuktuk ya Kaingu kwenda Diani. Kashata alikaa miguuni pa Twaiba, akitoa pua nje apigwe na upepo, amefurahi kwa safari. Twaiba alikuwa amejikaza asilie, lakini kadiri walivyokaribia ndivyo alivyoshindwa. Walipofika getini, Kashata alipatambua mahali pale. Mkia wake ulishuka katikati ya miguu. Akamtazama Twaiba usoni.

Hannah alitoka akiwa na mabuti ya mpira. "Karibuni! Kashata, hujambo? Mbona amekuja, anaumwa?"

"Haumwi," Bwana Alamin alisema. "Nimemrudisha. Ulituambia tusimtupe."

"Amefanya kosa gani?"

"Amelamba sinia la jikoni."

Hannah aliwatazama wote kwa zamu. "Sinia lilikuwa wapi?"

Bwana Alamin akamtazama binti yake. "Chini," Twaiba akajibu.

"Lilikuwa na unga?"

"Lilikuwa nao."

"Na aliyeliweka chini na unga wake, karibu na mbwa, ni nani?"

"Ni mimi."

Hannah aliweka mikono kiunoni. "Sasa mzee wangu, samahani, nataka kuelewa vizuri. Nimpokee nani hapa, mbwa au mtoto? Kwa sababu nafasi iko moja."

Kaingu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye tuktuk, aliangua kicheko. Bwana Alamin alijaribu kubaki na uso wa baba mwenye msimamo. Mdomo ukamsaliti. Alicheka, akacheka tena, mpaka kofia ikamtoka kichwani. Twaiba alisimama katikati yao akilia, asijue kama inafaa kucheka.

Baba yake alipomaliza, alikaa juu ya benchi lililokuwa pale kivulini na kumwita. Hakuwa akicheka tena.

"Njoo hapa, mwanangu. Kashata alifanya kazi ya mbwa. Kazi ya mtu ilikuwa yako, na hukuifanya. Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo. Watoto husahau, hata mimi nilipokuwa mtoto nilisahau. La pili ndilo kubwa. Ulimwacha mama yako akande chakula ambacho hangekila, akawape watu ambao hawangekila, huku ukijua. Watu walimwamini yeye, naye alikuamini wewe."

"Niliogopa utamrudisha Kashata."

"Ninajua." Bwana Alamin aliipangusa vumbi kofia yake. "Na hapo mimi pia nina kosa langu. Nilipoweka lile sharti nilidhani ninamfunga mbwa. Kumbe nilikufunga wewe mdomo. Ahadi ni deni, lakini ile niliiweka vibaya, na mtu akiweka jambo vibaya anaweza kulirekebisha mbele ya watu, bila haya. Dada Hannah ni shahidi, na Kaingu ni shahidi."

Twaiba alipangusa macho kwa ukingo wa mtandio wake.

"Sharti langu jipya ni hili," baba yake aliendelea. "Ukikosa, uniambie siku hiyohiyo, hata kama unajua nitakasirika. Nitakasirika, sikufichi. Hasira yangu ina mwisho wake. Lakini kosa lililofichwa halina mwisho, kila siku linamla mtu mwingine. Wewe jana ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema kabla hakijaliwa, na ulisema ukijua kwamba utampoteza unayempenda. Hilo sikulisahau usiku kucha."

"Naam, Baba."

"Na sinia ni kazi yako mpaka utakapoolewa."

"Naam, Baba," Twaiba alisema, na safari hii alicheka na machozi yake.

Hannah alileta maji, akamnywesha Kashata, akamkagua ule mguu wa nyuma na kuwakumbusha mwezi wa chanjo. Kaingu alipiga honi ya tuktuk. "Haya, tuondoke! Nawarudisha wangapi?"

"Watatu," alijibu Bwana Alamin, akainama, akaishika kamba ya mbwa yeye mwenyewe.